Samaki wa Mabwana na Samaki wa Walalahoi

Usiku wa tarehe 15 Juni, kila mwaka, kuna watu wazima na akili zao huko Uingereza wanaokaa ukingoni mwa mto gizani. Fimbo za kuvulia zimeegemezwa kwenye nyasi, chai iko kwenye chupa, macho yako kwenye saa. Hawatupi ndoana. Wanasubiri saa sita ya usiku ipite, iingie tarehe 16, ndipo waanze kuvua. Ukipita pale bila kujua utadhani ni watu wanaosubiri mwandamo wa mwezi.

Sheria inayowaweka pale ilipitishwa Bungeni mwaka 1878. Niliikuta kwa bahati tu. Nilikuwa natafuta habari za jinsi samaki aitwaye trauti alivyoletwa Kenya na wakoloni (nitafika huko, subirini), mara nikajikuta nasoma habari za wasagaji visu wa Sheffield, mwana wa mkimbizi wa Kitaliano, na samaki waliopewa tabaka kama watu. Nikasema hii siwezi kuiacha ipite hivi hivi.

Tuanze na neno lenyewe. Waingereza huwagawa samaki wa maji baridi mafungu mawili. Kiswahili chetu kinanichezea hapa, maana "maji baridi" kwetu ni maji yasiyo na chumvi, hata yakiwa ya moto kama uji; leo nazungumzia maji yasiyo na chumvi na yaliyo baridi kwelikweli, ya Desemba na Januari. Fungu la kwanza ni "game fish", samaki wa mawindo, samaki wa heshima. Humo yumo samoni, yumo trauti, na jamaa zao wachache. Fungu la pili ni "coarse fish", na humo wametupwa wengine wote: paiki, ambaye ni mrefu kama mzia wetu wa baharini na ana mdomo wa bata uliojaa meno, pechi mwenye mistari ubavuni na miiba mgongoni, halafu rochi, chabu, bremu, tenchi, kapi na wengineo. Sasa neno "coarse" ni la nini? Ni la chumvi ya mawe, kitambaa cha gunia, unga usiokobolewa. Ni neno la mtu asiye na adabu mezani vilevile. Kwa lugha ya kijiweni: samaki walalahoi.

Msidhani mgawanyo huu ulikuwepo tangu Adamu. Mwaka 1496 mchapishaji Wynkyn de Worde alitoa maandishi ya kwanza kuchapishwa kwa Kiingereza kuhusu uvuvi wa ndoana. Kwa desturi husemwa yaliandikwa na mtawa aitwaye Juliana Berners, ingawa wanahistoria wengi hawaafiki. Ndani yake samoni anasifiwa, lakini hata bremu anaitwa samaki mwungwana, na kapi anasifiwa kwa utamu. Hakuna anayetukanwa. Watu wanaotukanwa wapo, tena waziwazi: mwandishi anaeleza kwamba maandishi hayo yametiwa ndani ya kitabu kikubwa cha mambo ya waungwana, badala ya kuwa kijitabu cha bei nafuu, ili yasije yakaangukia mikononi mwa kila mzururaji akaharibu mchezo. Kwa hiyo tabaka lilianza kwa wasomaji. Samaki walifuata baadaye.

Hata Izaak Walton, mfanyabiashara wa vitambaa London ambaye kitabu chake, The Compleat Angler, kilitoka mwaka 1653, alitumia sura nzima kumtetea chabu. Watu walikuwa wanamdharau chabu kwa miiba. Walton anamwambia mwanafunzi wake kwamba kosa ni la mpishi. Ni katika toleo la 1676 ndipo rafiki yake tajiri zaidi, Charles Cotton, aliyekuwa na nyumba yake ya kuvulia kando ya mto Dove, alipoongeza sehemu ya uvuvi wa inzi wa bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu.

Basi lini bremu alipoteza uungwana wake? Hakuna siku moja ya kuonyesha kidole, ila sababu zinaonekana. Zamani kila nyumba ya watawa na kila bwana alikuwa na bwawa la kapi na bremu, kwa sababu Ijumaa na Kwaresima hakuna nyama, na samaki wa baharini hafiki bara akiwa hai wala akiwa mzima. Reli na barafu vilipokuja karne ya 19, samaki wa bahari alifika Birmingham akiwa hajaoza. Samaki wa matope wa bwawani hakuwa na kazi tena kwenye meza ya mwenye uwezo. Wakati huohuo viwanda na mabwawa ya kusagia viliziba mito na kuitia sumu, samoni akaadimika, na kitu kikiadimika bei hupanda. Mwaka 1861 ikaja sheria ya kumlinda samoni. Aliyelindwa ni samaki ambaye mwenye ardhi anaweza kukodisha haki ya kumvua kwa pesa nzuri. Waliobaki walibaki.

Na msisahau kwamba kumchukua samaki wa bwana hakukuwa kosa dogo. Sheria ya 1723 iliyojulikana kama Sheria Nyeusi iliweka hukumu ya kifo kwa makosa chungu nzima ya msituni na shambani. Kuiba samaki ukiwa na silaha na umejifunika uso lilikuwa mojawapo, na kuvunja ukuta wa bwawa ili samaki watoke lilikuwa jingine. Mwanahistoria E. P. Thompson aliandika kitabu kizima juu ya sheria hiyo mwaka 1975. Sehemu kubwa yake ilifutwa 1823. Yaani babu wa yule mfanyakazi wa Sheffield ninayetaka kuwaeleza angeweza kuning'inizwa kwa ajili ya kitu kinacholiwa na chipsi.

Haya, twende Sheffield.

Mji wa visu, mikasi, uma na mafaili. Kazi ya kusaga makali kwenye jiwe kavu ilikuwa inajaza mapafu vumbi la jiwe na chuma. Wasagaji wa uma walikufa vijana, wengi hawakufika miaka 40, na madaktari walikuwa wakiandika habari hizo tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Watu hawa walikuwa na ugonjwa mmoja wa hiari: kuvua. Kila baa ilikuwa na klabu yake ya wavuvi. Wanachanga senti, wanakodi behewa, Jumamosi jioni au Jumapili alfajiri treni inawapeleka mamia kwa mamia hadi Lincolnshire, kwenye mto Witham na mifereji ya nchi tambarare. Wanakaa kando ya maji kwa kupima hatua kati ya mtu na mtu. Wanashindana kwa uzito wa samaki. Jioni wanarudi na vumbi kidogo limepungua kifuani, au angalau wamelisahau.

Walikuwa wanavua nini? Rochi, bremu, pechi, paiki. Trauti walikuwa kwenye vijito vya mabwana kule milimani Derbyshire, chini ya uangalizi wa walinzi.

Tatizo likawa kwamba samaki hawa wa walalahoi hawakuwa na sheria hata moja. Kulikuwa na watu wanaovuta nyavu mwaka mzima, hata wakati samaki amejaa mayai, na kuna waliowauza kama mbolea au chambo. Wavuvi wenyewe nao, tuseme kweli, hawakuwa malaika, maana mashindano ya Mei yalikuwa yanatoa majike yenye mayai kwa kilo. Na hapa ndipo panaponifurahisha. Walioomba sheria ya kuwafunga mikono hawakuwa mabwana. Ni wao wenyewe, wasagaji na wafua vyuma, kupitia klabu zao za baa.

Walimwendea mbunge wao, Anthony John Mundella. Baba yake alikuwa mkimbizi kutoka Italia. Yeye mwenyewe alizaliwa Leicester mwaka 1825, akaingia kiwandani angali mtoto, akaja kuwa mwenye kiwanda cha soksi Nottingham. Alijulikana kwa kuanzisha baraza la usuluhishi kati ya waajiri na wafanyakazi mwaka 1860, na baadaye, 1880, kwa sheria iliyofanya shule kuwa ya lazima kwa watoto. Alichaguliwa Sheffield mwaka 1868. Angalieni tarehe hiyo. Mwaka mmoja kabla, 1867, wanaume wengi wa tabaka la wafanyakazi mijini walikuwa wamepewa kura kwa mara ya kwanza. Mvuvi wa Witham alikuwa sasa mpiga kura. Sina shaka Mundella alikuwa mtu mwema, lakini mimi ni mwandishi wa habari, na najua wema wa mbunge huongezeka kasi akihesabu kura.

Sheria ya 1878 ikapita, na mpaka leo watu wa mitoni huiita sheria ya Mundella. Ilifunga uvuvi wa samaki hawa kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, siku zote mbili zikiwemo. Hesabuni: siku 93. Mikoa ya Norfolk na Suffolk ilikuwa imejipatia sheria yake mwaka uliotangulia. Scotland haikuguswa, na hata leo ukivuka mpaka hukuti msimu huo wa kufunga kwa samaki hawa. Mabwana nao waliachiwa mlango wao: mwenye maji yanayotunzwa kwa ajili ya trauti aliruhusiwa kuwatoa samaki hawa walalahoi kwenye maji yake, msimu ukiwa umefungwa au haujafungwa. Samaki wa kawaida analindwa, ila siyo nyumbani kwa trauti.

Sasa sikilizeni jinsi kalenda ilivyogawa mto. Trauti na samoni hutaga mayai kuanzia vuli kuingia baridi, kwa hiyo wao hufungwa wakati huo. Tarehe hutofautiana mto kwa mto, lakini kwa trauti wa asili ni kuanzia karibu Oktoba hadi Machi. Samaki walalahoi hutaga majira ya machipuko, kwa hiyo wao wako huru baridi nzima. Oktoba ikifika, bwana anapangusa fimbo yake, anaitundika, anakwenda kupiga kwale na kufukuza mbweha kwa farasi. Mto wa Desemba, wenye ukungu, vidole vinavyokufa ganzi na jua linalozama saa kumi jioni, ukabaki kwa makabwela. Hakuna aliyewanyang'anya, kwa sababu hakuna aliyeutaka.

Isipokuwa samaki mmoja alivuruga hesabu zote. Greilingi.

Greilingi ni wa ukoo wa samoni kabisa. Ukimgeuza unaona kale kapezi kadogo ka nyama karibu na mkia, ambako ni kitambulisho cha ukoo huo. Ana pezi kubwa la mgongoni kama tanga la ngalawa. Jina lake la kisayansi, Thymallus, limetokana na mmea wa kiungo uitwao thaimu, kwa sababu husemwa akitoka majini ananukia hivyo. Anakula wadudu kama trauti, anaishi mto mmoja na trauti, anachukua inzi wa bandia kama trauti. Kosa lake ni moja: anataga machipuko. Kwa hiyo kalenda ya sheria ikampeleka kwa walalahoi. Mtoto wa ikulu anasoma shule ya kata.

Kaskazini, Yorkshire, walimpenda. T. E. Pritt wa Leeds alimwandikia kitabu chake peke yake mwaka 1888. Miaka michache baadaye, 1895, Francis Walbran, naye wa Leeds, muuza vifaa vya uvuvi, akaandika kingine. Hawa ndio waliotuonyesha kwamba inzi wa bandia anaweza kufanya kazi baridi kali, siku za jua dogo la saa sita hadi saa nane mchana, wadudu wadogo wanapotoka kidogo na greilingi wakapanda juu kuwafuata. Walbran alikufa kazini, kama ninavyoweza kusema: Februari 1909, akivua greilingi kwenye mto Ure huko Tanfield, maji yalimchukua. Alizikwa palepale kijijini.

Kusini, kwenye mito ya maji maangavu ya chokaa ya Hampshire na Wiltshire, hadithi ilikuwa nyingine. Kule trauti alikuwa dini, na greilingi alikuwa mla chakula cha mfalme. Walinzi wa mito waliajiriwa kumtoa kwa nyavu na baadaye kwa umeme, pamoja na paiki. Mmoja wao alikuwa Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon wa Wiltshire kwenye maji ya chama cha maofisa wa jeshi. Sawyer hakuwa msomi wa chuo, alikuwa mtu wa kulala kifudifudi ukingoni na kutazama. Alitengeneza chambo kimoja kibaya kuliko vyote kwa sura: ndoana, waya, na uzi wa sufi wa kushonea soksi zilizotoboka, wa kampuni ya Chadwick, namba 477. Uzi huo ukilowa hubadilika rangi ukawa kama mdudu wa majini anayeitwa kamba mdogo wa maji baridi. Wakakiita Killer Bug, mdudu muuaji, na jina lilikuwa la haki, maana kazi yake ilikuwa kupunguza greilingi.

Uzi namba 477 uliacha kutengenezwa zamani. Leo vipande vya karatasi vilivyozungushiwa uzi huo wa kushonea soksi huuzwa kwa bei ya kushangaza, na wanunuzi ni watu wanaosafiri baridi nzima kumtafuta greilingi, wakamshika, wakampiga picha, wakamrudisha majini kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Wana hata chama chao, kilichoanzishwa 1977. Silaha ya kumwangamiza imekuwa salamu ya kumwamkia.

Paiki naye alikuwa na njia yake. Huyu alichukiwa na kila mtu. Bwana alimchukia kwa kula trauti, mlalahoi wa mashindano alimchukia kwa kula rochi. Akivuliwa alipigwa rungu na kutupwa kichakani. Lakini tangu Robert Nobbes alipoandika kitabu chake mwaka 1682 kulikuwa na watu waliomwendea paiki makusudi, na msimu wao ulikuwa baridi, majani ya majini yakishakufa na samaki wadogo wakishajikusanya kwenye vina.

Nivumilieni kwa fizikia kidogo. Maji huwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4 za Selsiasi. Kwa hiyo ziwa likipoa, yale ya nyuzi 4 huzama chini, na yaliyo baridi zaidi hubaki juu na kuganda. Samaki hana joto lake mwenyewe, damu yake ni baridi kama maji yake. Kwenye nyuzi 4 hasagi chakula haraka, hakimbizi kitu mbali. Paiki wa Januari halali, ila amekuwa mvivu na mwenye hesabu: atapiga kitu kilicho karibu, kinachokwenda taratibu na kinachoonekana kimejeruhiwa. Hii ndiyo siri yote ya chambo bandia majira ya baridi. Kivute polepole, kisimamishe, kiache kizame kidogo, kivute tena. Vijana wa mjini wenye haraka hawamudu.

Na vyambo hivyo vilitoka wapi? Dunia nzima ilichangia, na karibu kila kimoja kina hadithi ya fundi. Marekani, Julio Buel wa Vermont alipata hataza ya kijiko cha chuma mwaka 1852. Husemwa alidondosha kijiko cha kulia ziwani akaona samaki akikidaka, na hadithi nzuri kiasi hicho mimi huwa naiweka pembeni kidogo. Ufaransa walitoa Mepps mwaka 1938, kibati kinachozunguka. Sweden kulikuwa na kiwanda cha saa na mita za teksi, ABU, kilichogeuka kuwa kiwanda cha vifaa vya uvuvi. Finland, mwaka 1936, mvuvi maskini aitwaye Lauri Rapala alichonga gome la mti wa koki, akalivisha karatasi ya kung'aa ya chokoleti, akapaka juu yake filamu za picha zilizoyeyushwa kwa kuwa hakuwa na pesa ya rangi ngumu. Kilitikisika kama samaki mgonjwa. Agosti 1962 gazeti la Life la Marekani liliandika habari zake, na bahati ilivyo, ni toleo lililokuwa na Marilyn Monroe jaladani, siku chache baada ya kifo chake. Kila mtu alilinunua. Rapala hakuweza kutengeneza vya kutosha.

Lakini chambo chepesi hakirushiki bila chombo cha kukunjia mshipi kisichozunguka chenyewe, na hiki kilitoka kwenye viwanda vya nguo. Alfred Illingworth, mwenye kiwanda cha sufi Bradford, alitazama jinsi uzi unavyochomoka kwenye kibiringo kilichosimama tuli, akapata hataza mwaka 1905. Malloch wa Perth alikuwa amekaribia wazo hilo mwaka 1884. Kwa muda kilikuwa chombo cha wenye nazo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kilishuka bei, na mchoraji wa gazeti la wafanyakazi la Daily Mirror, Bernard Venables, akaanza kuchora katuni za mzee Crabtree na mwanawe Peter wakivua. Kitabu chake kilitoka 1949 kikauzwa kwa mamilioni. Crabtree anamfundisha mwanawe paiki wa baridi kwa heshima ileile anayomfundisha trauti. Sheria haikubadilika, lakini kizazi kizima cha watoto wa Kiingereza kilikua hakioni tofauti.

Inzi kwa paiki lilikuwa jambo la mwisho kukubalika. Siyo jipya: vitabu vya karne ya 19 vinaeleza inzi wakubwa kama ndege wadogo, wa manyoya ya tausi, kwa ajili yake. Ila yalisomwa kama kichekesho. Fimbo ya inzi ilikuwa ya trauti, kama suti ilivyo ya kanisani. Miaka ya 1980 na kuendelea ndipo wengi walipoanza kuichukua fimbo hiyo kwenye mifereji na mabwawa ya mijini mwezi wa Januari, wakati huohuo ambapo wavuvi wa Poland na Czechoslovakia walikuwa wakiwaonyesha Waingereza kwenye mashindano jinsi ya kumvua greilingi kwa mshipi mfupi na inzi wazito, bila madaha ya kurusha mbali.

Poland. Hapo ndipo historia ikageuka tena. Mei 2004 nchi kumi ziliingia Umoja wa Ulaya, na Wapolandi na Walithuania wengi walikuja Uingereza kufanya kazi. Kwao kapi ni chakula cha mkesha wa Krismasi, na paiki ni kitoweo. Walivua kama walivyofundishwa na baba zao: unavua, unakula. Waingereza wa mitoni, ambao kwa miaka mingi walikuwa wameacha kula samaki hawa na kuwarudisha majini, walipandwa na hasira. Magazeti yakaandika habari za wageni wanaoiba samaki na hata bata bukini. Mwaka 2010 zikaja kanuni mpya kwa mito ya England: kwa siku mtu anaweza kuchukua paiki mmoja asiyezidi sentimita 65, greilingi wawili wa kati ya sentimita 30 na 38, na samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20 kila mmoja.

Mimi hapa nagawanyika. Mto mdogo wa Kiingereza hauwezi kulisha mji, na paiki mkubwa akiuawa panachukua miaka mingi kumpata mwingine kama yeye, hilo nalikubali. Lakini nikisoma malalamiko ya miaka ile, maneno yake ni yaleyale ya 1496. Mzururaji. Mtu asiyejua mchezo. Safari hii anayesema ni mjukuu wa msagaji visu, na mkimbizi anayesemwa angeweza kuwa baba yake Mundella.

Nilisema nitafika Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyejivunia kutembea kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, yakatiwa kwenye mto Gura, milima ya Aberdare. Angalieni alichochagua. Hakuna aliyehangaika kuleta rochi na bremu kwa ajili ya walalahoi wa Nyeri. Kilicholetwa ni samaki wa bwana, na utaratibu wake ukapandishwa meli pamoja naye: leseni, na inzi wa bandia. Kiganjo, karibu na Nyeri, kuna kituo cha serikali cha kuzalisha trauti.

Kwa Mundella, sheria imekatwa vipande. Mwaka 1995 msimu wa kufunga uliondolewa kwenye mabwawa na maziwa mengi, na mwaka 2000 kwenye mifereji mingi. Wafanyabiashara wa mabwawa ya kulipia walifurahi. Mwaka 2019 mamlaka ya mazingira iliwauliza wavuvi kama na mito nayo ifunguliwe mwaka mzima. Mabishano yalikuwa makali, mto ukaachwa kama ulivyo.

Kwa hiyo siku ya mwisho bado ni tarehe 14 Machi. Maji huwa ya kahawia kwa mvua za mwisho wa baridi, miti haijatoa majani, na ukipita kwenye daraja lolote la mto England jioni hiyo utawakuta wachache wanarusha mara moja ya mwisho, halafu nyingine ya mwisho kabisa, mpaka giza liwafukuze.